Kopo la Oili Lililokaa Darini

Agosti 2025 tulivua mabati ya nyumba ya baba hapa Nyegezi. Darini, juu ya chumba alichokuwa akilala yeye na mama, fundi wa paa akakuta kopo la bati la lita tano. Akalishusha kwa kamba, akaliweka barazani, nasi tukalizunguka. Rangi ilikuwa imebabuka upande mmoja, lakini maandishi yalisomeka: mafuta ya injini, SAE 40, na chini yake, kwa herufi ndogo, API SE/CC. Lakiri ya kizibo ilikuwa bado nzima. Halikuwahi kufunguliwa.

Mama alikuwa mkekani akichambua dagaa. Aliinua macho mara moja tu. "Hilo baba yenu alilificha mwaka wa wahujumu," akasema, akarudi kwenye dagaa wake.

Uani, chini ya mwembe, lilikuwepo gari ambalo kopo lile lilinunuliwa kwa ajili yake: Peugeot 404 pikapu, Pijo kwa lugha ya kila mtu hapa, lenye rangi ambayo zamani ilikuwa ya maziwa. Halijatembea barabarani tangu 2009. Lakini baba, mpaka mwaka aliofariki, kila Jumamosi asubuhi alichukua hendeli, akaichomeka mbele chini ya bampa, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko michache ili ringi za pistoni zisishikamane na silinda. Tulidhani ni uzee. Baada ya msiba kazi hiyo akaichukua mdogo wangu wa mwisho, bila kuombwa na mtu.

Kaka zangu wakubwa walikuwa wameshazungumza na mnunuzi wa chuma chakavu. Angekuja na mizani na mtungi wa gesi, alikate vipande, alipime kwa kilo. Niliomba wanipe mwezi mmoja. Sababu niliyowapa ilikuwa daraja. Tarehe 19 Juni mwaka huo lilikuwa limezinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji kutoka Kigongo mpaka Busisi, mwendo mfupi tu kutoka hapa kwa barabara ya Usagara. Shangazi yetu, dada yake baba, anaishi Sengerema na amepita miaka themanini. Kwa miaka mingi safari zake za kuja na kurudi zilikuwa ni Pijo hii, na foleni ya kivuko. Nilitaka avuke ziwa kwa gari lile lile kabla halijageuzwa nondo.

Betri na matairi vilipatikana kwa siku moja. Oili ilinichukua wiki tatu.

Nilianza na kopo lenyewe, kwa sababu maandishi ya kwenye kopo la oili ni kalenda, ukijua kuyasoma. SAE ni kifupi cha jina la chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ambacho mwaka 1911 kilitoa utaratibu wa kuzipanga oili kwa namba. Kabla ya hapo mnunuzi aliambiwa tu kwamba hii ni nyepesi na hii ni nzito, na muuzaji ndiye aliyejua maana yake. Wengine walitumia mafuta ya mimea. Ndege nyingi za Vita Kuu ya Kwanza zilikwenda kwa mafuta ya mbarika, nyonyo ile ile inayoota yenyewe kwenye viwanja vitupu vya mtaa wetu. Na jina la Castrol, lililoanza kutumika 1909, limetokana na jina la Kiingereza la mbegu hizo. Namba ya SAE haisemi kama oili ni nzuri au mbaya. Inasema ni nzito kiasi gani ikiwa na joto, basi. Namba 40 ni nzito kuliko 30, na 50 ni nzito kuliko 40.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikaja oili za namba mbili, kama 20W-50. Wakemia walikuwa wamejifunza kuchanganya ndani yake molekuli ndefu zinazoizuia oili isiwe maji inapopata moto. Namba ya pili hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi joto 100. Ile ya kwanza, yenye W, ni ya baridi: W ni herufi ya mwanzo ya neno la Kiingereza la majira ya theluji. Oili ya 20W hupimwa kama itaruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ya 15W, nyuzi 20 chini ya sifuri. Na zinavyopungua namba ndivyo baridi inavyozidi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na asubuhi ya baridi kabisa hapa Mwanza ni ya kuvaa sweta na kuagiza chai ya tangawizi. Kwa hiyo nusu ya namba tunayolipia madukani inahusu baridi ambayo hakuna mtu wa Nyegezi aliyewahi kuiona. Hili liweke akilini. Nitalirudia nikifika dukani.

Zile herufi SE/CC ndizo zinazotaja miaka. Ni utaratibu wa taasisi ya mafuta ya Marekani, uliopangwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1970. S ni injini za petroli, C ni za dizeli, na herufi inayofuata husonga mbele kila ubora unapopanda. SE ilikuwa ya magari ya miaka ya 1970. SF ikaja 1980. SM ilitoka 2004, SN 2010, SP 2020. Kwa hiyo kopo la baba, hata kama lilinunuliwa mapema miaka ya 1980, lilikuwa na oili ya muongo uliotangulia. Herufi nazo zilitufikia kwa kuchelewa, kama vitu vingine.

Gari lenyewe lilikuwa na sifa zake. Peugeot walianza kuuza 404 mwaka 1960, na ndani ya miaka michache Afrika Mashariki nzima ilikuwa imeshalijua kwa sababu ya Safari Rally, mbio zilizoanza 1953 na kukatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo, 1963 na 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, mengine yote yalibaki kwenye tope na mawe. Mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam na fundi wa magari kwa taaluma. Baba alikuwa akiyataja mashindano hayo kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa pembeni yake akisoma ramani.

Yeye alikuwa karani wa ushirika. Usukumani mwa wakati ule pamba ndiyo iliyolipa ada, mahari na mabati. Shirikisho la vyama vya wakulima wa pamba, lililoundwa 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Likawa Nyanza, na Nyanza ikaajiri makarani wengi, baba akiwa mmoja wao. Pijo aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1975. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, pamba ikahamia kwenye mamlaka ya taifa, na baba akabaki na pikapu, mke na watoto wawili. Tangu siku hiyo gari likawa ndilo kazi yake: abiria na samaki, Nyegezi mpaka Kigongo na kurudi, na mjini siku za soko.

Najua haya kwa sababu aliyaandika. Baba alikuwa na daftari la kaunta lenye jalada jeusi, na mkono wa karani. Kila oili iliyoingia kwenye injini ina mstari wake: tarehe, kilomita, lita, namba, bei. Sikuwahi kulisoma mpaka kopo lilipoteremka darini. Niliposoma, nilikuta kurasa za mwanzo zimepangika kama hati za msalaba: 1976, 1977, karibu nusu ya 1978, lita nne, namba 40, lita nne, namba 40.

Kwa nini 40 siku zote? Fundi yeyote mwenye mvi hapa Mwanza atakwambia gari la zamani linataka namba 40, na atakwambia kama anasoma msahafu. Nadhani sababu ilianzia ghalani kuliko kwenye chuma. Mji huu uliishi kwa injini kubwa za dizeli: meli za ziwani, malori ya pamba, mitambo ya vinu vya kuchambulia. Injini za namna hiyo hutumia sana oili ya namba 40, na mwenye mashine kumi anapenda kuweka pipa la aina moja kuliko vikopo vya aina kumi. Pipa la 40 likiwepo, pikapu nayo ilipata 40. Kwa joto letu haikudhurika, maana injini ikishachemka, 40 ya pipa na 20W-40 ya kopo la kupendeza zina uzito ule ule. Tofauti iko kwenye dakika ya kwanza ya asubuhi, pale oili nzito inapochelewa kufika juu kwenye valvu. Wazee hawakukosea. Walikuwa na jibu sahihi la swali la pipa.

Novemba 1978 mistari ya daftari inaanza kutawanyika. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na Mwanza ikawa mlango wa vita. Magari ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kupeleka askari na mizigo. La baba lilipona kwa sababu, anasema mama, siku hiyo lilikuwa juu ya matofali. Mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilijaribu kulipiga ghala la mafuta hapa Mwanza. Ikakosa. Makombora yaliangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala na ndege wa hifadhi. Watu wa rika la mama bado wanacheka wakilisimulia hilo, kicheko cha mtu aliyekwepa jambo. Mlengaji, hata hivyo, alikuwa anajua anachotafuta. Mji usio na mafuta ungesimama wenyewe.

Miaka iliyofuata ulisimama bila bomu. Bei ya mafuta ilikuwa imeruka mara nne wakati wa msukosuko wa 1973 na 1974, na ikaruka tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977. Vita vilikuwa vimekula akiba ya fedha za kigeni. Magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Sabuni, sukari, kiberiti, vyote kwa foleni; na oili ya injini, ambayo haiingii hata kwenye orodha za shida ambazo watu huzisimulia, iliadimika kuliko petroli. Katika daftari bei ya 1981 imeandikwa kisha ikakatwa, ikaandikwa nyingine juu yake. Kuanzia Machi 1982 namba 40 inatoweka. Mahali pake kuna maneno mawili: "ya kuchuja".

Ilibidi nimuulize mama. Akanieleza kama anavyoeleza mapishi. Oili chafu inamwagwa kwenye ndoo na kuachwa siku tatu itulie. Inachotwa ya juu kwa kata, inapitishwa kwenye kitambaa cha khanga kilichokunjwa mara nne, kisha kwenye kingine. Inarudi kwenye injini. "Khanga zangu mbili ziliishia humo," alisema. "Moja ilikuwa ya harusi."

Leo najua kitambaa kile kilikuwa kinakamata nini na kinaacha nini. Kinakamata chembe kubwa za chuma na masizi yaliyoshikana. Hakikamati asidi inayotokana na moto wa petroli, wala petroli iliyochuruzika ndani, wala hakirudishi dawa zilizochanganywa kiwandani ambazo kazi yake ni kusafisha na kulinda chuma. Oili yenyewe haichakai upesi. Zinazokwisha ni dawa zake. Injini ya baba ilikwenda miaka miwili na nusu kwa oili iliyokwisha dawa, ikibeba abiria kumi na mbili mahali pa sita. Sijui wahandisi waliotengeneza 404 wangesemaje.

Halafu 1983. Machi mwaka huo serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianzisha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Walikamatwa wafanyabiashara wakubwa, na pamoja nao watu wenye mifuko kadhaa ya sukari uvunguni. Wengine walitupa bidhaa usiku, ziwani au kwenye vyoo, wakiogopa kukutwa nazo. Baba alikuwa na makopo mawili ya oili aliyoyapata kwa njia ambayo mama hakuieleza na mimi sikuirudia. Moja akalimimina kwenye injini usiku ule ule, oili safi ya kwanza kwa mwaka mzima. La pili akalipandisha darini na kulifukia kwenye pumba za mpunga.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, 1986 ukaja mpango na Shirika la Fedha la Kimataifa, na madukani vitu vikaonekana tena. Daftari linaonyesha hivyo: Septemba 1984, lita nne, namba 40, kwa wino mzito. Kopo la darini angeweza kuliteremsha siku hiyo. Hakuliteremsha siku hiyo wala miaka thelathini na saba iliyofuata. Nilipomuuliza mama kwa nini, alishangaa swali. "Ingeadimika tena?" alisema.

Basi nikaenda dukani. Kijana wa spea, mstaarabu na mwenye haraka, aliposikia ni petroli akaniletea 0W-20 ya kutengenezwa maabara. Ghali, na kopo lake linang'aa. "Hii ndiyo ya kisasa, bro. Inaokoa mafuta." Kwa gari dogo la Kijapani la miaka ya karibuni ni kweli kabisa; zile zimetengenezwa kwa nafasi finyu sana kati ya chuma na chuma, na oili nyepesi hupenya. Injini ya 1975 ilitengenezwa kwa nafasi pana, na hii yetu imeshakula nusu karne ikiongeza upana huo. Oili nyepesi ingepita humo kama maji kwenye chekecheke, shinikizo likaanguka, na inayobaki ingechuruzika kwenye sili, ambazo kwa magari mengi ya wakati ule zilikuwa za kamba na koki. Na ile sifuri ya mbele, kumbuka, ni ya baridi ya Urusi.

Usiku nikasoma mtandaoni, na huko nikakutana na hofu nyingine, ya wapenzi wa magari ya zamani wa Marekani. Hofu yao ni zinki. Tangu miaka ya 1940 oili zimekuwa zikiwekwa mchanganyiko wa zinki na fosforasi, ambao ukipata joto na msuguano hujenga utando mwembamba juu ya chuma. Injini kama ya 404, ambayo kamshafti yake inasuguana na tapeti bapa zisizo na magurudumu, huutegemea sana utando huo. Lakini fosforasi huua vichujio vya moshi vilivyoanza kufungwa kwenye magari ya Marekani katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo viwango vipya vikaipunguza. SM ya 2004 iliiwekea kikomo cha asilimia 0.08. Ndiyo maana utasoma watu wakiapa kwamba oili zote za siku hizi zinaua injini za wazee.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kikomo kile kiliwekwa kwa oili nyepesi, 0W-20, 5W-30 na jamaa zake, ambazo ndizo zinazokwenda kwenye magari yenye vichujio hivyo. Oili nzito kama 20W-50 haikufungwa na kikomo hicho. Watengenezaji wengi wameendelea kuiwekea zinki ya kutosha, kwa kuwa wanajua inanunuliwa na nani. Kwa hiyo kopo la kawaida la 20W-50 ya madini, lisilo la bei mbaya wala jina la fahari, lililokuwa limekaa kwenye rafu ya chini pale pale dukani, lilikuwa karibu na alichohitaji baba kuliko kile kilichong'aa. Hofu ya Marekani ilikuwa imesafiri kuja Nyegezi bila mzigo wake.

Nililipeleka kwa fundi, mzee mwenye gereji chini ya miti si mbali na Nyegezi Kona, aliyeanza kushika spana mwaka 1971.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo Pijo ya marehemu hiyo?" Aliizunguka kwanza, akaigonga bodi kwa kidole, akaja kutazama kopo langu. "Ishirini-hamsini. Mimi ningeweka arobaini. Lakini hii haitaiua." Kisha akaning'ang'ania macho. "Umefungua chini?"

Sikuwa nimefungua. Aliniambia gari la zamani ni kama mzee aliyezoea chakula cha aina moja: ukimbadilishia vyote siku moja, tumbo litamkataa. Oili mpya ina sabuni nyingi. Ikikuta tope la miaka kwenye injini italing'oa kwa mabonge, mabonge yatakwenda kuziba chujio la pampu, na injini itanoki ikiwa imejaa oili safi. Tukashusha sampu. Ndani kulikuwa na tope jeusi la unene wa vidole viwili, zito kama uji wa ulezi uliolala. Mdogo wangu alilikwangua kwa kisu cha jikoni, tukaosha kwa dizeli, tukaosha tena. Mabonge ya chini kabisa yalikuwa magumu kama lami. Fundi alichukua moja, akalivunja, akanionyesha nyuzi ndani yake. Nyuzi za kitambaa. Nikamwomba anipe, nikalifunga kwenye karatasi na kumpelekea mama. Alilishika kwa muda, akasema labda ni ile ya harusi, labda ni nyingine.

Kuna jambo moja fundi alilisisitiza ambalo sikulikuta kwenye usiku wangu wote wa kusoma. "Watu wanaziua Pijo kwa nyuma," alisema. Difu ya 404 haina meno ya kawaida; ina skrubu nene inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Oili nyingi za difu za leo zina dawa kali za salfa, nzuri kwa chuma na mbaya kwa shaba. Unaijaza kwa moyo safi, na baada ya muda inaanza kulila gurudumu. Alichimbua kwenye kabati lake oili isiyo na dawa hizo na akaniuzia kwa bei ya kawaida. Pia makopo yangu matupu ya 20W-50 aliyatoboa yote kwa msumari kabla sijaondoka. Kopo zima lenye jina zuri, alisema, halikai siku mbili jalalani. Linajazwa oili chafu iliyochujwa, linarudi sokoni na kizibo kipya. Nikawaza kwamba wanaofanya hivyo leo hawana foleni wala marufuku ya Jumapili ya kujitetea nayo.

Na kopo la baba? Nakiri nilitaka kulitumia. Nilishajiona nikilimimina, kaka zangu wakinitazama. Historia ya oili ina kisa kinachomtia mtu tamaa hiyo. Julai 1916 Wajerumani, wakikimbia Kigoma, waliizamisha meli yao Graf Götzen kwenye Ziwa Tanganyika. Lakini mafundi wao waliipaka injini grisi nzito kwanza, wakitumaini kurudi. Waingereza walipoiibua 1924 injini zilikuwa nzima, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka minane chini ya maji. Kopo letu lilikuwa limekaa arobaini na mbili, tena pakavu.

Fundi hakubishana. Alitoboa kizibo, akajaza chupa ya plastiki iliyo wazi, akaiweka dirishani. "Rudi kesho." Kesho yake juu kulikuwa na rangi ya asali, na chini tabaka la kijivu lenye matone ya maji yaliyojikusanya kama vipele. Dawa zilikuwa zimejitenga na kutuama; unyevu wa masika arobaini ulikuwa umeingia kwa kupumua tu. "Hii ni ya bawaba," alisema. Tumepaka bawaba za geti, na za vyoo, na cherehani ya mama. Zilizobaki, karibu lita nne na nusu, mama ameagiza zirudishwe juu paa jipya likikamilika. Kaka yangu mkubwa alicheka. Mimi nilimtafutia ngazi.

Jumamosi moja ya Septemba tulimfuata shangazi. Injini iliwaka mara ya nne. Taa ya shinikizo la oili ilikaa nyekundu kwa muda nilioona mrefu, kisha ikazima. Tulienda taratibu, fundi akiwa nyuma yetu na pikipiki mpaka Usagara kwa mashaka yake mwenyewe, na tulivuka kwenda na tulivuka kurudi naye. Darajani shangazi alitazama upande wa kushoto muda wote, kule kivuko kilipokuwa kikisubiriwa. Aliuliza tumelipa shilingi ngapi. Nilipomwambia hatukulipia kivuko, alisema baba yenu angeandika sifuri kwenye daftari.

Baada ya kilomita mia tano nilimwaga oili, kama fundi alivyoagiza. Ilikuwa nyeusi ti, na tope jipya kidogo chini ya ndoo, ndiyo maana ya kuimwaga mapema. Nimeandika mstari kwenye daftari: lita nne, 20W-50. Jirani alikuja na debe kuomba ile chafu; anajenga banda la kuku, na mchwa wa huku hawagusi nguzo iliyopakwa oili. Mnunuzi wa chuma chakavu bado anapiga simu kila mwisho wa mwezi.